Mahindi ya Upande wa Upepo

Tusidanganyane: Bi Pasi alikuwa na wivu. Wapo watakaokwambia alikuwa mkali tu, au mchovu, au kwamba moyo wake ni mzuri ila mdomo ndio unaomponza. Uongo mtupu. Alikuwa na wivu wa kulala nao na kuamka nao, na wala haukuwa wivu wa mume au wa nyumba ya jirani. Alimwonea wivu mdogo wake wa tumbo moja, kwa sababu ya mahindi.

Jina la Pasi alilipata kazini. Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha kufulia cha hospitali, na kwa miaka ishirini ya mwisho alisimama kwenye ile pasi kubwa ya mvuke, unayoilisha shuka upande huu ikatokea upande wa pili imenyooka. Mkunjo aliuona tangu mlangoni. Wauguzi walimtania kwamba siku akifa atainuka kwanza, ajinyooshee shuka, ndipo alale tena. Alipostaafu walimkatia keki, wakampa saa ya ukutani, naye akarudi nyumbani kumtunza mama yake.

Mama alikuwa na miaka themanini na sita na meno saba. Ya juu na ya chini yalikutana upande wa kulia tu, basi chakula chote kilipelekwa upande huo, kikatafunwa taratibu bila haraka ya kwenda popote. Kwa miaka tisa alilala chumba cha mbele cha Bi Pasi, kitanda chini ya dirisha, redio kwenye kiti, shuka zimebanwa pembeni kama za wodini. Bi Pasi alimwogesha, akamkata kucha, akamgeuzia godoro, akampima dawa kwa kijiko. Na Mama alikuwa na maneno yake kwa Bi Pasi. "Maji ya moto mno haya." "Hebu vuta pazia." "Leo dawa umeichelewesha." Ndiyo hayo, kutwa.

Sasa njoo Jumapili uone. Jumapili alikuja mdogo mtu, msusi mwenye saluni yake upande wa pili wa mji, ambaye kila mtu alimwita Msusi hata nyumbani. Aliingia na manukato yake na kicheko chake, akavua viatu, akapanda kitandani kwa Mama akiwa mzima mzima, akaanza kumchana nywele. Nusu saa tu. Na Mama anachanua! "Mwanangu, umekuja!" Utadhani mtoto katoka vitani. Wageni wakipita anawaambia, "Huyu mwanangu ana mkono mwepesi, jamani." Bi Pasi yuko jikoni anasuuza beseni, anasikia kila neno, roho inamuuma mpaka anasahau amesuuza mara ngapi.

Angeweza kumeza yote hayo. Ila mahindi yalimshinda.

Nyuma ya karakana ya reli, manispaa ilikuwa na vitalu vya kukodisha. Ni vipande vya ardhi, kila kimoja hatua kumi na mbili kwa ishirini, na bomba moja la maji linalogombewa na watu wote. Baba yao, Mungu amrehemu, alilima kitalu kimoja kwa miaka arobaini, na alichokuwa akijivunia hapo ni mahindi matamu, yale ya kuliwa mabichi, ambayo hayafai kwa unga. Alipofariki, kitalu kiligawanywa mara mbili. Bi Pasi akachukua nusu ya upande wa karakana, Msusi akachukua nusu ya pili, inayopakana na kitalu cha mstaafu mmoja aliyekuwa fundi saa. Na kila msimu mahindi yakiiva, kila mmoja alimpelekea Mama hindi moja la kuchemsha, Mama akafumba macho, akatafuna, akasema neno.

La Bi Pasi alisema, "Ni matamu." Akaliweka chini.

La Msusi alisema, "Haya yanakaribia ya baba yenu."

Miaka sita mfululizo, neno ni hilo hilo. Yanakaribia! Na Bi Pasi ndiye aliyetifua udongo mpaka ukawa laini kama unga, ndiye aliyebeba samadi kwa toroli, ndiye aliyepalilia akiwa amepiga magoti yanayomuuma. Msusi alipanda kati ya mteja na mteja, akapalilia akikumbuka, magugu yakamfika magotini. Mistari yake imekwenda upande, kama nywele zilizosukwa na mwanafunzi. Halafu ndiye anayekaribia.

"Labda mbegu," Msusi alikuwa akisema, akicheka, hana habari.

"Mbegu tulinunua pakiti moja, tukagawana," Bi Pasi anamjibu, meno yamebana.

Mwaka huo ninaousimulia, mambo yalibadilika. Mwanzo wa msimu daktari alimsikiliza Mama kifuani, akamwita Bi Pasi pembeni, akamwambia moyo umechoka. Apewe anachopenda, asisumbuliwe na chakula, na watu wa nyumbani wasipange mambo ya mbali. Bi Pasi alifanya kazi hospitali miaka yote hiyo, alijua lugha yao. Akaelewa kwamba mavuno haya ndiyo ya mwisho Mama kuyaonja. Neno alilolitamani, haya ndiyo ya baba yenu, ama alisikie mwaka huu akiambiwa yeye, ama asilisikie tena duniani.

Siku ile ile alikwenda kitaluni akiwa na jembe. Fundi Saa alikuwa kwake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua mbegu za mahindi yake ya unga. Alikuwa mtu wa maelezo marefu. Ukimuuliza saa ngapi, atakueleza saa inavyotengenezwa.

"Fundi," Bi Pasi akamwambia, "mahindi matamu huharibiwa na nini?"

"Wadudu au watu?"

"Chochote."

Fundi Saa akapangusa mikono. "Mahindi yanaoana kwa upepo, Bi Pasi. Zile mbelewele za juu zinamwaga vumbi, vumbi linatua kwenye ndevu za hindi, kila unywele ni punje moja. Sasa mahindi matamu yakipata vumbi la mahindi ya unga, basi. Punje zinakuwa ngumu msimu huo huo, utamu unakimbia. Ndiyo maana mimi nayapanda haya yangu mbali na kwenu, nisije nikalaumiwa. Ingawa upepo ukigeuka jioni, vumbi kidogo kidogo linavuka kwa mdogo wako pale ukingoni."

"Na mtu akitaka yote mawili?"

"Atofautishe muda. Wiki tatu. Haya yakimaliza kumwaga vumbi, yale ndiyo yanaanza. Hayatakutana."

Bi Pasi akamshukuru, akamwachia kitunguu kimoja. Akasimama katikati ya kitalu chake, akalowesha kidole, akakiinua. Upepo ulitoka karakana, ukapita kwake, ukaenda kwa mdogo wake, kama kawaida ya msimu ule. Na mtu mwenye macho ya kuona mkunjo tangu mlangoni haambiwi mara mbili.

Siku hiyo hiyo akapanda mahindi yake matamu kule mwisho, upande wa karakana, mapema kuliko miaka yote. Akangoja wiki tatu. Msusi alipofika na nusu yake ya pakiti kupanda ya kwake, tarehe zile zile alizozoea marehemu baba yao, Bi Pasi alikuwa ameinama mpakani anafukia mistari miwili mirefu ya mahindi ya unga.

"Dada, mbona leo umepanda ya unga?"

"Ya kuku."

"Kuku gani?"

"Nitafuga."

Basi ikabidi afuge. Alinunua kuku wawili wasio na adabu, wakamchafulia ua, wakadonoa sabuni, na mmoja alimchukia waziwazi, akawa anamvizia nyuma ya mlango. Mama alikuwa akiuliza kutoka kitandani, "Hao kuku ni wa nini?" na Bi Pasi akajifanya hamnazo. Hayo ndiyo matunda ya uongo, ukisema wa asubuhi, mchana unaulisha pumba.

Ukitaka kujua kama alijuta, hakujuta. Nilikwambia tusidanganyane. Alikwenda kitaluni kila siku Mama akisinzia, na mahindi ya unga ya mpakani aliyanyweshea yeye mwenyewe, kwa ndoo, kwa mapenzi. Mbelewele zake zilipofunguka, ya Msusi nayo yalikuwa yametoa ndevu, laini, za rangi ya asali. Upepo ukaja kutoka karakana. Bi Pasi akaliona lile vumbi la njano likivuka mpaka, likitua taratibu kwa mdogo wake, na moyo wake ukatulia kama wa mtu aliyemaliza rundo la shuka. Mdogo mtu hakuona kitu. Alikuwa anapiga picha mabua yake ili awaonyeshe wateja.

Mahindi ya Bi Pasi yaliiva kwanza. Alichagua hindi lililo bora kuliko yote, punje zimepangika bila pengo, akalichemsha mara tu lilipochumwa, akatia chumvi kidogo. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Wakati huo Mama alikuwa ameanza kukataa chakula. Vijiko vitatu vya uji, anageuza uso ukutani.

"Mama, mahindi."

Mama akafumba macho. Akauma upande wa kulia. Maji matamu yakamtiririka kidevuni, Bi Pasi akamfuta, akangoja.

"Matamu," Mama akasema. "Kama peremende." Akauma tena mara moja, kwa heshima. Kisha akalirudisha kwenye sahani. "Tusubiri ya mdogo wako."

Hebu fikiria wewe mwenyewe. Tusubiri ya mdogo wako! Bi Pasi alichukua sahani, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji mpaka mwisho ili asisikike. Alilia kwa hasira, akalila lile hindi lote kwa hasira, na ni kweli lilikuwa tamu kama peremende. Alipomaliza akajikaza kisabuni. Akajisemea: vizuri, tusubiri. Tusubiri tuone.

Wiki tatu zile Mama alidhoofika sana. Mikono ilibaki mifupa na ngozi. Alikuwa akiomba redio izimwe. Jumapili ya wiki ya tatu Msusi akaingia amekumbatia kikapu cha mahindi, lakini bila kile kicheko. Akampita Mama, akamfuata dada yake jikoni, akafunga mlango.

"Dada, nimeharibu."

"Umeharibu nini?"

"Mahindi. Nimeonja moja asubuhi, ni magumu, dada, hayana hata utamu. Sijui nimekosea wapi. Mwaka huu, kati ya miaka yote!" Machozi yalikuwa yamemjaa. "Nasikia aibu hata kumpa. Si bora nimwambie hayakuota?"

Hapo angeweza kumwonea huruma. Kulikuwa na nafasi. Bi Pasi akamtazama mdogo wake alivyosimama na kikapu, kucha za rangi zimeingia udongo, na ndani yake kitu kikacheza ngoma.

"Mpe tu," akamwambia, sauti imelainika kama mafuta. "Mwenye kusema ni Mama."

Wakachemsha. Bi Pasi ndiye aliyetia chumvi, tena kwa kipimo kile kile, maana alitaka kushinda kwa haki. Wakaingia wote wawili. Msusi akamshika Mama mgongo, Bi Pasi akaweka mto nyuma. Mama akapokea hindi kwa mikono miwili, akafumba macho, akauma.

Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Bi Pasi alihesabu mara kumi, kumi na tano, akaona taya la kulia likifanya kazi kama halijafanya mwezi mzima. Mama akameza. Akafumbua macho, na macho yenyewe yalikuwa na maji.

"Nani kapanda haya?"

"Mimi, Mama," Msusi akasema. "Nisamehe, mwaka huu yame..."

"Nikusamehe nini? Haya ndiyo ya baba yenu."

"Si kukaribia," Mama akasema. "Ndiyo yenyewe. Yalikuwa hivi hivi, ya kukufanya utafune. Enzi hizo vitalu vyote pale ni mahindi ya unga, watu wana watoto wa kulisha, yeye peke yake na mahindi yake matamu katikati. Kila mwaka analalamika. Yamenikatalia tena, mke wangu, yamekuwa magumu tena. Na mimi nilikuwa nayapenda hivyo hivyo, sikumwambia. Angeona namfariji." Akacheka, sauti ndogo iliyokauka, akauma tena. Akalimaliza lile hindi. Mtu wa vijiko vitatu vya uji! Akalinyonya gunzi, akanyoosha mkono. "Lipo lingine?"

Msusi akapiga ukelele. Akamkumbatia Mama, akambusu paji la uso, akalia na kucheka pamoja, manukato yakajaa chumba. "Dada, umesikia? Umesikia? Na mimi nilitaka kuyatupa! Ni mkono wa Baba huo, dada, mkono wa Baba umeniingia!"

"Mkono wako mwepesi, mwanangu," Mama akasema, akimpapasa shavu. "Siku zote nasema."

Bi Pasi alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, ameshika sahani. Angenyamaza, hakuna mtu angejua mpaka kiama. Angekuwa dada mwema aliyesimama na sahani. Lakini kunyamaza ni kumwachia mdogo wake mkono wa Baba, na shavu, na neno, milele, kwa kazi ambayo aliifanya yeye kwa ndoo na magoti mabovu. Kama angekuwa na aibu kubwa kuliko wivu, angekaa kimya. Hakuwa nayo.

"Ni mimi!" akapasuka.

Wakamgeukia.

"Ni mimi niliyeyafanya hivyo. Yale mahindi ya unga ya mpakani, si ya kuku. Niliyapanda upande wa upepo, kwa makusudi, vumbi lake liingie kwako, likuharibie. Ya kwangu niliyapanda mapema yasidhurike. Niliuliza, nikapima, nikanyweshea. Hakuna mkono wa Baba hapo. Ni mkono wangu."

Msusi alikaa pale kitandani, mdomo wazi, machozi ya furaha bado hayajamkauka usoni.

"Ulitaka kuniharibia?" akauliza, polepole. "Mbele ya Mama? Mwaka huu?"

"Ndiyo."

"Dada, mimi nimekufanya nini?"

Bi Pasi akatafuta jibu. Alikuwa na miaka tisa ya majibu, lakini alipoyapanga kinywani yakawa nywele na kitana, yakawa Jumapili na manukato. Hakuna hata moja lililotosha kwa swali lile. Akamgeukia Mama.

Mama alikuwa amewasikiliza wote wawili, kichwa kimeegemea mto. Akamwangalia binti yake mkubwa kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumwangalia tangu alipohamia chumba kile. "Kumbe ni wewe," akasema. Na uso wake wote ukakunjamana kwa kicheko. "Basi mwakani mharibie tena!"

Alicheka mpaka akakohoa. Bi Pasi akamshika, akampa maji, akamfuta mdomo, naye moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha kali ya kijinga. Kumbe ni wewe. Ameambiwa yeye. Limesemwa, amelisikia, mdogo wake amelisikia pia. Alitaka kukaa chini alishike neno hilo kwa mikono miwili.

Msusi hakucheka. Aliteremka kitandani, akavaa viatu vyake, kimoja, na cha pili, bila kutazama mtu. Akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni.

"Mwanangu!" Mama akaita. Sauti ilimtoka yote, ile ambayo hata daktari hakuwa ameisikia kwa wiki kadhaa. Alijiinua kwenye kiwiko, akanyoosha mkono mtupu kuelekea mlangoni, na Bi Pasi na kikombe chake cha maji wakawa nyuma ya mkono huo. "Mwanangu, unaondoka?"

Msusi akasimama. Akarudi, akapiga magoti kando ya kitanda, akauficha uso wake kwenye shuka, na Mama akaweka vidole vyake kwenye nywele zake, akawa anazipitia taratibu.

Bi Pasi aliwatazama. Ile roho, iliyokuwa imetulia kwa dakika mbili tu, ikaanza kumuuma upya, mahali pale pale. Miaka tisa, na hakuna hata siku moja ambayo Mama alimwita kwa sauti ile, na sasa akaelewa kwamba hataitwa. Mtu huitwa hivyo akiwa mlangoni. Yeye hakuwahi kwenda popote.

"Na lile hindi lingine?" Mama akauliza, bila kugeuka.

"Linakuja," Bi Pasi akasema, akaenda jikoni kulichemsha.